Kitundu Kimoja Nisichokishona

Wanangu mnaopenda kuandika hadithi, kila tukikutana mnaniuliza swali lile lile: Bi Zuwena, ari ya kuandika unaitoa wapi? Mnaniuliza kama vile kuna duka, na mimi nimekuficheni. Duka silijui. Ninachokijua ni Jumamosi moja ya baridi, miaka ya tisini, nimesimama kwenye ujia wa ghorofa ya nne pale Stratford, mbele ya mlango wa Bi Mize. Nimegonga mara tatu na hakuna anayefungua, na ndani nasikia watu wanazungumza. Siku ile nilikaribia kuacha kuandika moja kwa moja. Nitakwambieni kwa nini sikuacha, lakini niacheni nizunguke kidogo, maana nimeshastaafu na sina pa kuwahi.

Kazi iliyonilisha haikuwa kuandika. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani katika ofisi ya vitu vilivyosahauliwa kwenye treni na mabasi. Watu wa London wanasahau, sijapata kuona. Miavuli na glavu ndiyo ada yao, lakini mtu anashuka anaacha meno ya bandia, mwengine anaacha gitaa, mwengine keki ya harusi ndani ya boksi lake. Siku moja tuliletewa mguu wa bandia pamoja na kiatu chake na soksi, na mpaka leo najiuliza mwenyewe alishuka vipi. Kazi yangu ilikuwa kukipokea kila kitu, kukijazia kadi ya maelezo, na kukiweka kwenye rafu mpaka mwenyewe aje.

Msimamizi wangu alikuwa Mzee Harbans, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, makazi yake Southall. Kila asubuhi alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na kilemba cha buluu kilichofungwa barabara. Na wakubwa alizungumza Kiingereza, lakini mimi alinitolea Kiswahili chake cha Kisumu, na nadhani alikuwa na hamu nacho kuliko hiyo chai. Wiki yangu ya kwanza nilijaza kadi kumi na moja na zote niliandika maneno mawili: mwavuli mweusi. Akazikusanya, akazipanga mezani mbele yangu.

"Mama, hii ni nini?"

"Miavuli, Mzee."

"Naona ni miavuli. Watu wangapi hapa London wako na mwavuli nyeusi? Kesho mtu akikuja, aseme amepoteza mwavuli nyeusi, wewe utampatia gani?"

Akachukua mwavuli mmoja akaufungua. Ubavu wake mmoja ulikuwa umevunjika, na mtu alikuwa ameufunga kwa uzi mwekundu wa sufu, mizunguko mingi, kwa subira.

"Tafuta ile kitu mwenyewe tu anajua," akasema. "Andika hiyo. Halafu akikuja, usimwambie. Mwache yeye akuambie."

Nimesoma vitabu kadhaa vya kufundisha uandishi tangu siku ile, vingine vizito vya kuzuilia mlango usifunge, na sijaona kilichoyashinda maneno hayo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kwenye kadi nilianza kuandika uzi mwekundu, kovu la kuungua kwenye ngozi ya mkoba, jina la mtoto lililochorwa chini ya kiatu. Kwenye hadithi zangu nikaendelea na miavuli myeusi.

Wakati huo nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza. Niliiandika kwenye treni, kwenda na kurudi kazini, kwa penseli, nyuma ya kadi zilizoharibika. Hilo nalo chukueni: msisubiri meza. Mimi meza yangu ilikuwa paja, na mkoba juu ya paja, na bwana wa pembeni ananichungulia bila kufahamu neno. Dakika ishirini asubuhi na dakika ishirini jioni, ukipata kiti. Nikafikisha kurasa mia na sitini, nikazitia ndani ya bahasha ya kaki. Jioni moja nilichoka nikasinzia, nikazinduka kituoni kwangu mlango unataka kufunga, nikaruka nje. Bahasha ikaendelea na safari.

Nililia usiku mzima, kisha nikaenda kazini na macho yamevimba. Siku ya tatu bahasha ikaja pale pale ofisini, kwenye gunia moja na miavuli. Mzee Harbans aliiona kabla yangu. Akaifungua, akasoma kidogo, akaifunga, akaiweka chini ya kiwiko chake.

"Hiyo yangu, Mzee!"

"Sheria ni sheria, Mama. Niambie ndani iko nini."

"Hadithi."

"Ya nini?"

"Ya msichana mzuri anayempenda kijana maskini, na baba yake msichana hataki."

"Hiyo hata mimi naweza kusema, na si yangu. Niambie ile kitu mwenyewe tu anajua."

Nikafikiri. Wallahi nilifikiri mpaka masikio yakanipata moto. Msichana wangu alikuwa na macho mazuri na shingo ndefu. Kijana alikuwa mrefu na mwaminifu. Baba alikuwa mkali. Katika kurasa mia na sitini hakukuwa na uzi mwekundu hata mmoja. Mzee Harbans akaniona ninavyohangaika, akanisukumia bahasha taratibu.

"Chukua," akasema. "Lakini hii, Mama, ni mwavuli nyeusi."

Nilimnunia wiki nzima. Kisha nikaitia riwaya ile chini ya kitanda, na huko iko mpaka leo, nikaanza nyengine.

Sasa nije kwa Bi Mize. Huyu alikuwa mtu wa Wete, Pemba, umri wa mama yangu, aliyefika London zamani kwa njia ya Mombasa, kama wengi wetu tuliotoka kwetu kwa sababu ambazo leo sitaki kuzigusa. Msahafu aliuhitimu kila Ramadhani, lakini herufi hizi za skuli hakuzijua. Alikuwa fundi wa kofia. Kofia ya mkono, kwa asiyejua, hutobolewa vitundu vidogo vidogo, mamia, na kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kikaze. Ni kazi ya miezi. Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri wanawake watano sita walikusanyika kwake kushona, chai ya mdalasini jikoni, hita imewashwa mpaka mwisho.

Mimi ni wa Unguja, na sindano sijapata kupatana nayo. Jumamosi ya kwanza nilijidunga mara nne na nikaitia damu kofia ya watu. Bi Mize akaninyang'anya.

"Nyie watu wa mjini mikono yenu ya kushikia vikombe," akasema. "Asoshona asome. Si wajidai waandika hadithi? Haya, twambie."

Basi ndiyo ikawa kazi yangu. Kila Jumamosi nikisoma sura moja, wao wakishona. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo la pili kubwa. Nikimaliza kusoma, wote walisema "Mashaallah, nzuri," hata nilipokuwa nimeandika upuuzi, kwa sababu ni watu waliolelewa. Maneno yao hayakunifaa kitu. Lakini siku moja nikanyanyua macho katikati ya ukurasa, nikaona sindano zote zimesimama. Nikaendelea, nikafika pahala nilipoeleza mapambazuko, kwa urefu na kwa fahari kubwa, na sindano zikaanza tena, tena mbio mbio. Hadithi ikichusha, kofia zinakwisha. Hadithi ikinoga, hakuna anayemaliza hata kitundu.

Tangu hapo nikaacha kusikiliza midomo, nikawa natazama mikono. Sindano zikisimama, napiga alama kwa penseli pembeni ya ukurasa. Nikirudi nyumbani nakata yale yasiyo na alama. Nilikata mapambazuko yote, nikakata ndoto, nikakata barua za mapenzi za kurasa tatu tatu. Tafuteni na nyinyi watu wenye kazi mikononi, muwasomee. Wanaomenya viazi, wanaosuka nywele, wowote. Msiwaulize wameonaje. Watazameni.

Sindano moja tu haikusimama hata siku moja, nayo ni ya Bi Mize. Mauti, talaka, moto, mtoto kapotea sokoni, yeye anashona. Nikawa silali kwa ajili ya sindano ile.

"Bi Mize, hadithi zangu hazikupendezi?"

"Zanipendeza sana mwanangu. Ndo maana nashona vizuri."

Siku moja nilimsaidia kuzikunja kofia zilizokwisha, nikaona kitu. Kila kofia yake ilikuwa na kitundu kimoja nyuma, pale penye kisogo, kilichotobolewa na kuachwa bila uzi. Vyengine vyote vimezungushiwa, hicho kimoja kiko wazi. Na siku hiyo hiyo nikamsikia, anapima kitambaa kwa kamba yake nyembamba yenye fundo, akijisemea: "Kichwa cha Makame hiki." Nikamfuata shoga yangu mmoja wa kushona jikoni, nikamwuliza Makame ni nani. Alikuwa mumewe, akaninong'oneza, alibaki kule kule Wete akaoa mke mwengine.

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimekwisha kupata uzi wangu mwekundu, na mengine nikayatia mwenyewe.

Niliiandika hadithi ile kwa siku tisa. Mwanamke yuko kwenye mji wa baridi, kila mwaka anamshonea kofia mume aliyemsahau, machozi yanadondoka juu ya kitambaa. Kila kofia anaacha kitundu kimoja, eti atakishona siku mume atakaporudi. Mwisho anakufa na kofia mapajani. Wete nikaiita Chake, Mize nikamwita Mwana, Makame nikamwita Faki, nikajiona mjanja. Ile hadithi sikuwasomea Jumamosi. Hapo mjue kwamba moyoni nilikuwa najua. Niliipeleka moja kwa moja kwenye gazeti moja la nyumbani lililokuwa likichapa hadithi, na wao wakaichapa. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kutoka gazetini. Mzee Harbans alifurahi mpaka akanichukua Southall kwa mkewe, tukala jalebi za moto vidole vikanata.

Gazeti lilifika Wete kabla ya kunifikia mimi. Na Wete nani asiyekijua kitundu kile? Kila mwanamme aliyewahi kuvaa kofia ya Bi Mize alikuwa nacho kisogoni. Dada yake akamsomea hadithi yote kwenye simu. Kule, mke wa Makame akawa anatembea kifua mbele: kumbe yule wa Ulaya bado analilia mume wangu! Na huku London, kwenye maulidi, wanawake wakamkumbatia Bi Mize mmoja mmoja, pole dada, pole, Mungu atakulipa. Mtu aliyeishi miaka yote hiyo bila kupewa pole na mtu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ile niliyoanzia. Niligonga mara ya nne, mlango ukafunguliwa kidogo, mnyororo umo. Alikuwa Yusra, mjukuu wake, wa miaka tisa. Yule mtoto Kiswahili alikifahamu chote na alijibu kwa Kiingereza chote. Akanambia bibi yake amesema leo hakuna kusoma. Kisha akanipitishia kikombe kwenye uwazi wa mlango. Kilikuwa kikombe changu, chenye maua ya kijani, nilichokuwa nikinywea chai nyumba ile miaka mitatu. Nikashuka ngazi ghorofa zote nne nimekishika, lifti nimeisahau.

Miezi saba sikuandika hata mstari. Kwenye treni nilisoma matangazo ya dawa za mafua. Nilikuwa na hamu na Bi Mize kuliko niliyokuwa nayo na kalamu, na nilijionea haya kuliko vyote viwili. Nilimtumia salamu na samahani kwa vinywa vya mashoga. Salamu alizipokea, samahani alirudisha. Niliamini nimekwisha, maana nani tena nimwandikie? Hilo swali la ari mnaloniuliza, mimi niliulizwa na moyo wangu mwaka ule.

Kisha asubuhi moja nikafungua gunia la vitu vya mabasi, na kati ya glavu na miavuli kulikuwa na kofia nyeupe ya mkono. Niliigeuza kabla sijafikiri. Kisogoni, kitundu kimoja wazi.

Kadi nilijaza kama nilivyofunzwa, nikaiweka rafuni. Siku ya tatu akaja bwana mmoja wa makamo, muuguzi, na sare ya hospitali chini ya koti. Aliposikia jina langu kwa mwenzangu akaniamkia kwa Kiswahili cha Mombasa, akasema amesahau kofia ndani ya basi alipotoka shifti. Nikamwomba anieleze ilivyo.

"Nyeupe, ya mkono, yanikaa kama nilopimwa," akasema. "Na hapa nyuma, dada, kuna kitundu kimoja hakikushonwa. Mimi nilidhani ni kosa. Nikamwambia yule mama alonishonea, wa Stratford, kwamba hapa umesahau. Akanitazama vile! Akasema, 'Mie sisahau. Hilo ndo jina langu. Mie kalamu siijui, basi naandika hivo. Kofia yangu nikiiona popote duniani, naijua.'"

Nikampa kofia yake, akatia sahihi, akaenda zake. Mimi nikaingia kati ya rafu nikakaa chini, hapo kwenye gitaa na masanduku. Nilichukua jina la mtu, wanangu. Alilolitia mwenyewe kwenye kazi yake kwa mkono wake, mimi nikalibandika kwa Makame.

Mzee Harbans alinikuta pale pale. Nikamweleza yote, tangu kitundu mpaka kikombe, na mwisho nikamtupia lawama kidogo, maana ndivyo tulivyo.

"Si wewe, Mzee, uliyeniambia niandike kitu mwenyewe tu anajua?"

"Nilisema," akajibu. Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa akanipa. "Lakini hii ofisi, Mama, si ya kuokota tu. Ni ya kurudisha. Wewe uliokota, ukaweka kadi, halafu ukapeana kwa mtu mwingine. Mwenyewe hata hukumuuliza."

Jumamosi hiyo nilikwenda asubuhi, kabla ya saa za kushona, na kikombe changu mkobani. Mlango alifungua Bi Mize mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mize."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka mkoba.

"Marahaba."

"Kitundu ni jina lako," nikasema. "Sikujua. Na sikujua kwa sababu sikukuuliza."

"Ingia. Waniingizia baridi."

Hakuniambia nikae. Alikaa yeye, akachukua kofia yake, akaanza kushona, na maneno yakatoka na sindano.

"Umenizika, Zuwena. Umenizika mie ni mzima, na kofia mapajani na machozi juu. Mie nilimlilia nani? Makame? Mie ndo niliyemwacha! Nilikwenda kwa kadhi kwa miguu yangu, nikadai talaka yangu, na siku ile niloipata nilipika pilau nikaita majirani."

"Na kipimo, Bi Mize? Mbona wasema kichwa cha Makame?"

"Kwani Makame alikuwa na kichwa gani? Cha kati na kati. Nusu ya wanaume wa dunia kipimo kile chawatosha. Ndo faida pekee niloipata kwake."

Nilicheka. Haikuwa saa ya kucheka, lakini kilinitoka. Bi Mize akakaza uso, akakaza, kisha mabega yakaanza kumtikisika na yeye.

Alipopumua akasema, "Sikukasirika kwa kuwa umeandika. Watu huandika. Nimekasirika umeniliza mie nikawa mtu wa kuonewa huruma. Hukujua, ukayaziba pasipojulikana kwa machozi yako weye. Haya, kaa. Toa kalamu. Uliza."

Niliuliza mpaka adhuhuri. Na nikajifunza kuuliza. Mwanzo nilimwuliza alihisi nini siku ya talaka, akanijibu, "N'lihisi njaa." Nikaona nimepewa funzo. Nikabadilisha: ulivaa nini? Ulipita njia gani? Nani alikuona? Hapo ndipo akafunguka. Alivaa viatu vya dada yake vilivyombana, akavivua akavishika mkononi, akaingia kwa kadhi peku. Mwandishi aliyekaa kitako Stratford hawezi kuvizua viatu vile. Ulizeni vidogo, wanangu, vikubwa vitafuata vyenyewe.

Karibu na mwisho akanieleza jambo moja zaidi. Na alipokuwa akilieleza, sindano ilisimama. Miaka mitatu nilihangaika kuisimamisha kwa maneno yangu, ikasimama kwa yake. Akakaa hivyo, uzi uko nusu ya kitundu, mpaka akamaliza.

"Hilo usiandike," akasema.

"Sitoliandika."

"Hicho ndo kitundu chako." Akaanza tena kushona. "Na hicho kikombe ulokificha mkobani kitie maji ya moto, kishakaa kikavu mno."

Hadithi niliiandika upya. Safari hii ilinichukua miezi mitano, na kwa kiasi fulani lilikuwa kosa la mashine. Nilikuwa nimepata taipureta iliyosahauliwa kwenye treni na mwenyewe hakutokea, na herufi yake ya k ilikuwa imevunjika. Jaribuni kuandika Kiswahili bila ya k! Kila neno lenye k nililitia herufi kwa mkono, na neno lisilostahiki taabu hiyo nililifuta. Baadaye nilinunua kompyuta na k zote zikawa nzima, na maandishi yangu yakanenepa mara moja, ikabidi nijifanye bado imevunjika. Ilipokwisha niliiweka kando miezi mitatu, kama tulivyokuwa tukiweka vitu rafuni. Kisha nikaenda kuidai kama mtu wa nje, bila kuifungua: ndani iko nini? Kila tukio nililoshindwa kulikumbuka nililitoa, maana halikuwa langu. Njia hiyo nimeitumia kwa vitabu vinne na haijanitupa.

Niliwasomea Jumamosi, wanawake wote wapo. Walisimamisha sindano tangu mlango wa kadhi mpaka pilau, na mmoja chai ilimpoa mkononi. Bi Mize peke yake alishona mwanzo mpaka mwisho, wala hakunyanyua kichwa. Nilipofunga karatasi akakata uzi kwa meno.

"Peleka gazetini," akasema. "Na jina utie langu. Mize. Wete iwe Wete."

Wakaichapa. Dada yake alimsomea tena kwenye simu, na Bi Mize akaiweka simu kwenye spika ili sote tusikie. Makame alisema nini, hatukuuliza. Ile hadithi ndiyo iliyokuja kuwa sura ya kwanza ya kitabu changu cha kwanza, na mwaka Mzee Harbans alipostaafu nilimpelekea nakala Southall. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mmoja amesimama mlangoni, akanambia, "Mama, hii sasa mwenyewe anaweza kuja kuchukua." Nilikwenda stesheni natembea kama msichana.

Bi Mize hayupo tena, Mungu amrehemu. Kofia zake bado naziona. Juzi tu niliona moja ndani ya basi, juu ya kichwa cha mzee aliyekuwa amelala, kitundu kiko pale pale, na nikashuka kituo kimoja mbele ya changu kwa kuitazama.

Na Yusra, yule wa nyuma ya mnyororo, sasa mtu mzima, ameanza kuandika. Kiswahili chake kimekaa upande upande lakini kimekaa. Alikuja kwangu na daftari, anataka kuandika kitabu cha bibi yake. Nikamtolea chai kwenye kile kikombe cha maua ya kijani. Tukazungumza mchana kutwa, nikampa yote: viatu mkononi, pilau, kichwa cha kati na kati. Mwisho akaweka kalamu chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniuliza kwa Kiswahili.

"Bi Zuwena, siku ile sindano ilisimama. Bibi alikwambia nini?"

Alikuwa na macho ya Bi Mize, na haki alikuwa nayo kuliko mtu yeyote aliye hai. Mimi ni mtu niliyepita maisha yangu nikitafuta maneno kama yale, na yale ndiyo mazuri kuliko yote niliyopata kuyasikia. Nikanyanyuka nikamwongeza chai.

"Shona vyengine vyote, mwanangu," nikamwambia. "Hicho kiache."